Ufunguo ulio chini ya jiwe: uchambuzi wa kisa cha Hekalu la Maji

Tuchukue mchezaji mmoja wa Makole, Dodoma. Yuko ndani ya Hekalu la Maji katika The Legend of Zelda: Ocarina of Time, gemu la Nintendo la mwaka 1998. Maji ya humo yana viwango vitatu, na sasa yako usawa wa kati. Hana hata ufunguo mmoja mdogo, na milango iliyobaki ina kufuli. Ameshazunguka kila chumba anachoweza kukifikia, amerudi kwenye mnara wa katikati, ametoka tena.

"Dada, hapa si tulishapita?" anauliza mdogo wake aliyekaa pembeni.

"Tulishapita. Kuna ufunguo sijauona tu."

Ufunguo huo umo ndani ya mnara uleule, kwenye shimo lililofunguka chini yake wakati anapiga wimbo wa kupandisha maji.

Hali hii imewakuta wachezaji wengi mno tangu gemu litoke, na jibu la haraka ni kwamba hekalu ni gumu. Hatukubaliani na jibu hilo. Fumbo lenyewe ni jepesi: pandisha maji, jiwe litaelea, zama pale lilipokuwa. Mtoto wa darasa la nne akielezwa hivyo mara moja analimaliza. Kinachomkwamisha mchezaji ni kwamba mahali hapa hadithi inamwelekeza upande mmoja na vitufe vinamtaka aende upande mwingine. Vijana wa Dodoma wanaojifunza kutengeneza magemu yao ya safari na maajabu watafaidika wakikifungua kisa hiki kipande kwa kipande, maana kosa lake linaweza kufanywa na mtu mwenye kipaji kikubwa kabisa.

Tuanze na anachokuja nacho mchezaji kutoka kwenye hadithi. Shujaa, Link, amelala miaka saba na kuamka mtu mzima katika nchi iliyoharibika. Makao ya watu wa Zora yameganda kwa barafu. Ziwa Hylia limekauka karibu lote. Huu ni utaratibu wa zamani wa hadithi za maajabu: uovu ukishika mahali, ardhi na maji ndivyo vinavyougua kwanza, na shujaa anajua kazi yake kwa kuitazama nchi tu. Hakuna anayehitaji kumweleza mtu wa Dodoma maana ya ziwa lililokauka. Bahi kuna Sulunga, ambalo mwaka wa ukame hubaki tope lililopasuka. Kwa hiyo mchezaji anapoingia hekaluni tayari anaamini jambo moja: maji yakirudi, mambo yanatengemaa.

Anakuja pia na kiongozi wa njia. Binti mfalme Ruto, aliyempa Link kito cha ukoo wake walipokuwa watoto na kukihesabu kuwa ahadi ya ndoa, anamsubiri kwenye chumba cha chini kabisa, upande wa mashariki. Anamwambia kuna mahali patatu pa kubadilisha kina cha maji, kisha anaogelea kwenda juu. Link akimfuata, Ruto hayupo tena. Hii nayo ni kanuni tunayoifahamu: mzee wa njiani, au ndege, au mnyama aliyeokolewa, hutoa neno moja na kuondoka. Ila katika hadithi zetu neno lile hutosha mpaka mwisho wa mtihani. Neno la Ruto linatosha kwa theluthi moja tu ya hekalu, na baada ya hapo mchezaji hana wa kumuuliza isipokuwa ramani.

Kisha kuna wimbo. Mbele ya kila kibao chenye alama ya pembetatu tatu, Link hupiga kwa okarina, filimbi yake ndogo, Wimbo wa Zelda: kushoto, juu, kulia, kisha kushoto, juu, kulia tena. Noti sita, maji yanahama. Okarina ya gemu hili ina vitufe vitano vya sauti, na sauti tano zimetosha kubeba nyimbo zote ambazo Link hufundishwa. Mtu aliyekulia karibu na ilimba, ala ya Kigogo ya vipande vya chuma vinavyopigwa kwa vidole, hatashangaa, kwani muziki wa Kigogo nao umesimama juu ya sauti tano na haujawahi kupungukiwa na kitu. Jambo la kuangalia hapa ni ahadi iliyomo ndani ya wimbo. Katika ngano zetu mtu akiimba mbele ya pango, pango hufunguka mbele ya wasikilizaji. Msimulizi hasemi wimbo ukaimbwa halafu akakaa kimya. Wimbo ni swali, na jibu lake lazima lionekane au lisikike palepale, ndiyo maana hata wasikilizaji huitikia. Gemu hili limeitunza ahadi hiyo vizuri karibu kila mahali. Mahali lilipoiacha ndipo dada wa Makole alipokwama.

Sasa mitambo. Ili kuzama, Link anavaa Viatu vya Chuma alivyovipata kwenye Pango la Barafu, na ili asiishiwe pumzi anavaa Kanzu ya Zora, ile ya buluu. Akiwa na viatu miguuni ndani ya maji hawezi kutumia upanga, silaha yake ni ndoana ya mnyororo peke yake. Akivua viatu, anaelea mpaka juu ya maji. Hakuna hali ya katikati: ama uko sakafuni ama uko juu. Uamuzi huo wa kiufundi ni mzuri, kwa sababu unaligeuza jengo moja kuwa majengo matatu. Maji yakiwa juu kabisa, sakafu ni ya mtu mwenye viatu na milango ya juu ni ya mwogeleaji. Yakiwa chini, sakafu inatembeleka na milango ya juu haifikiki. Yakiwa kati, kuna milango inayofikika kwa usawa ule na si mwingine wowote.

Vibao ni vitatu na kila kimoja kina kazi moja. Cha kwanza hushusha maji hadi chini, cha pili huyaweka kati, cha tatu huyarudisha juu. Huwezi kusimama kwenye kibao kimoja ukachagua usawa unaoutaka. Funguo ndogo ni sita kwa jumla, na ufunguo wowote hufungua kufuli lolote dogo humo ndani.

Tukitazame kwa karibu kibao cha pili, maana hapo ndipo kisa kilipo.

Maji yakiwa chini kabisa, mchezaji anaingia ndani ya mnara wa katikati. Ndani ni pembamba na parefu kwenda juu. Sakafuni kuna jiwe kubwa la mraba, limekaa kimya kama sehemu ya jengo. Anatazama juu, anaona shabaha ya ndoana, anairushia, mnyororo unamvuta hadi kwenye ukingo wa juu. Kibao kiko pale. Anapiga zile noti sita. Maji yanapanda, na picha inamwonyesha maji yakipanda. Jiwe nalo linaelea na kuacha tundu wazi pale lilipokuwa. Akivaa Viatu vya Chuma na kujitosa humo, anashuka hadi chumba cha chini chenye viumbe wa miiba, anawamaliza, na kupata sanduku lenye ufunguo.

Kwa nini hajitosi? Sababu ya kwanza ni macho. Amesimama juu, ameelekea ukutani penye kibao, na jambo la maana limetokea chini mgongoni mwake. Kamera haikumwonyesha tundu. Mlango wa kutokea uko karibu, kwenye usawa uleule aliosimama, na mlango humwita mchezaji kuliko kitu chochote kingine kwenye gemu.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo tungependa kila mtunzi aikalie kitako. Kibao cha kwanza kilimfundisha kanuni: maji yakishuka, ya chini yanafunguka. Kutokana na hilo akili yake inajijazia nusu ya pili bila kuambiwa: maji yakipanda, ya chini yanafungwa na ya juu yanafunguka. Ni hitimisho la busara, na karibu kila kona ya hekalu inalithibitisha. Hapa tu ndipo kupanda kwa maji kunapofungua kitu cha chini. Gemu limeigeuza kanuni yake bila kwanza kumwonyesha kwamba mawe ya aina ile huelea. Mtu wa Dodoma anaweza kukwama hapa hata zaidi, kwa kuwa amezoea kuchimba mchanga wa korongo kiangazi ili apate maji. Kwake kitu kilichofichika chini hutafutwa maji yakiwa yamepungua. Mvua ikishuka na korongo likajaa, hakuna anayeinama kutafuta kitu mchangani.

Sababu ya tatu ni ya hadithi. Mnara umeshampa alichokuja kukitafuta. Alipanda, akapiga wimbo, maji yakahama. Kwa mpangilio wa kisimulizi, tukio la mahali hapo limekwisha, na mchezaji huondoka kwenye tukio lililokwisha kama msikilizaji anavyosogea mbele na msimulizi. Ukitaka abaki, tukio lisiishe. Lingetosha jiwe lile kugonga ukuta wakati linapanda, au mapovu kutoka kwenye tundu, au sauti ya Ruto kutoka chini.

Baada ya hapo kinachomtesa ni gharama ya kubahatisha. Kwenye toleo la 1998, kuvaa au kuvua viatu ni kubonyeza Start, kwenda ukurasa wa mavazi, kusogeza hadi kwenye viatu, kubonyeza A, na Start tena. Kuzama na kuelea mara moja ni kufanya hivyo mara mbili. Akidhani ufunguo uko kwenye chumba cha maji ya chini, inambidi arudi mpaka kibao cha kwanza, ashushe maji, ashuke, atafute, akose, apande tena mnara, apige tena wimbo. Kosa moja la kubahatisha linakula dakika nyingi, na hata asipopata kitu hajifunzi lolote jipya kuhusu hekalu. Fumbo gumu hustahimilika likiwa na majaribio ya bei nafuu. Fumbo jepesi lenye majaribio ghali humfanya mtu azime mashine.

Kwa aliye ndani ya hali hii sasa hivi, njia ya kutoka ni fupi. Ukiwa na maji ya kati, rudi ndani ya mnara, simama ukingoni, geuza kamera utazame chini. Jiwe litakuwa linaelea. Ingia majini kando yake, hakikisha Kanzu ya Zora iko mwilini, vaa viatu, zama. Kama umeshaipata dira ya hekalu, fungua ramani ghorofa kwa ghorofa kwanza, kwa sababu dira huonyesha masanduku ambayo hujayafungua. Ramani haitakwambia njia ya kulifikia sanduku, lakini itakuzuia kuzunguka ghorofa zisizo na kitu. Na kabla ya kugusa kibao chochote, maliza kwanza yote yanayowezekana kwenye usawa uliopo. Wanaokwama vibaya zaidi ni wale wanaokimbilia kubadilisha maji kila wanapoona mlango wasioufikia.

Nintendo wenyewe walilisikia lalamiko. Eiji Aonuma, aliyesimamia usanifu wa mahekalu ya gemu hilo, ameshaomba radhi hadharani kwa usumbufu wa kuvaa na kuvua vile viatu. Toleo la Nintendo 3DS la mwaka 2011 lilifanya marekebisho matatu yanayofaa kusomwa kwa makini. Viatu vilihamishwa kutoka kwenye mavazi, vikawa kifaa cha kubonyezwa mara moja. Kuta zilichorwa mistari ya rangi inayoelekeza kwenye vibao. Na maji yanapopanda ndani ya mnara, kamera inaonyesha jiwe likiinuka na njia iliyo chini yake. Vyumba vilibaki vilevile, funguo zilibaki sita, fumbo halikuguswa. Hili ndilo thibitisho bora kwamba ugumu haukuwa kwenye fumbo. Ila mistari ya rangi, kwa maoni yetu, ni dawa dhaifu ya zile tatu. Inamfikisha mchezaji kwenye kibao bila kumsaidia kulielewa jengo, na aliyefuata mstari hadi mwisho anaweza kutoka hekaluni bila kujua mnara wa katikati ni wa nini. Kamera ya sekunde chache ndiyo iliyorudisha ahadi ya wimbo: umeuliza, umejibiwa.

Sasa tuliweke hili mezani kwa kikundi cha Dodoma kinachotaka kujenga gemu lake. Tuseme shujaa ni msichana mwenye ilimba, na mtihani ni pango lenye kisima chini ya majabali, na maji yana viwango vitatu: kiangazi, mvua za kwanza, masika. Mandhari hii ina nguvu ambayo Hekalu la Maji halina, kwa sababu mchezaji wa hapa anajua kila msimu unaruhusu nini. Usiipoteze nguvu hiyo kwa kuweka viwango vya namba. Kila kiwango kionekane kwa rangi ya maji, kwa sauti ya vyura, kwa alama ya tope ukutani inayoonyesha maji yalifika wapi msimu uliopita. Alama ya tope ni bora kuliko mshale wowote, kwa kuwa inamwonyesha mchezaji kiwango ambacho bado hajakiona.

Kwenye Godot, programu ya kutengenezea magemu ambayo ni ya bure na haihitaji kompyuta kubwa, kiwango cha maji kiwe thamani moja tu ya pango zima: 0, 1 au 2. Usiruhusu kila chumba kitunze hesabu yake. Thamani ikibadilika, itoe ishara moja, na kila kitu kinachoelea, kinachozama au kinachofunguka kisikilize ishara hiyo. Ukiweka hesabu mbili mahali pawili, siku moja zitapishana, na mchezaji ataingia chumba kikavu kumbe nje ni masika. Hitilafu ya namna hiyo hufanana kabisa na fumbo, na mtu atalitafutia jibu lisilokuwepo.

Kabla ya kuchora chochote, andika jedwali: vyumba kwa safu za mlalo, viwango vitatu kwa safu za wima. Kila kisanduku kijibu maswali mawili, yaani anaingiaje hapa, na ataondoka na nini. Kisanduku kisicho na cha kuondoka nacho ni mahali atakapozunguka bure. Si lazima ukijaze, lakini uwe umekusudia kukiacha wazi. Halafu pitia jedwali ukitafuta mahali ambapo kanuni inageuka, kama lile jiwe. Kila mgeuko unahitaji kufundishwa mapema, mahali pasipo na hatari. Kwa kisima chetu, tumia kibuyu. Kwenye chumba cha kwanza kabisa kibuyu kiwe kimeziba tundu dogo, maji yapande kidogo yenyewe, kibuyu kielee, tundu lionekane na ndani yake kuwe na kitu kidogo cha kuokota. Hakuna maandishi. Baadaye, anapokutana na gogo la mbuyu lililoziba shimo kubwa, ambalo ni jepesi na huelea, tayari anajua la kufanya, na akilifikiria mwenyewe atafurahi kwa haki.

Wimbo wa ilimba nao uwe mfupi. Noti nne mpaka sita zinatosha. Ukizidisha hapo, mchezaji ataukosea kwa vidole wakati kichwani ameshalitatua fumbo. Akimaliza kuupiga, mambo matatu yatokee kwa mpangilio: sauti ya jibu, kamera kwenda kwenye kitu kilichobadilika kwa sekunde mbili hivi, kisha kamera kumrudia shujaa akiwa ameelekea upande ule. Hilo la mwisho husahaulika sana. Kamera ikionyesha shimo halafu ikamrudisha mchezaji akitazama mlango, mlango utashinda.

Ikiwa kuna kifaa cha kuzama, kiwe kwenye kitufe kimoja. Na mahali pa kubadilisha msimu pawe karibu na kitovu cha pango, ili aliyebahatisha vibaya arudi kwenye hali ya awali ndani ya dakika moja. Dodoma watoto wengi huchezea kwenye mabanda ya gemu wanakolipia muda. Kumzungusha mtu dakika nane bila kumfundisha kitu ni kumla pesa yake.

Mwongozaji, yule mwenye nafasi ya Ruto, asitoweke. Anaweza kuwa bibi anayechota maji juu ya kisima, anayesikika kutoka kila kiwango. Mchezaji akimwita, bibi asitoe jibu. Ataje alichokiona: "Mjukuu wangu, nimesikia kitu kinagonga huko chini ulipopiga ilimba." Sentensi hiyo ibadilike kulingana na thamani ya maji na chumba alichomo. Kwa vyumba kumi na viwango vitatu haitazidi sentensi thelathini, kazi ya jioni moja kwa mtu anayejua kuandika mazungumzo.

Jaribio lifanywe na watu watano ambao hawajawahi kuliona pango, mmoja baada ya mwingine, na mtengenezaji akae nyuma yao bila kusema neno. Aandike vitu viwili tu: mara ngapi mtu amebadilisha kiwango cha maji bila kupata kitu, na alikuwa anatazama wapi gogo la mbuyu lilipoelea. Watatu kati ya watano wakitazama kwingine, hamisha kibao cha wimbo, kisha ujaribu tena na watu wapya.